Benki Ndiyo Imekatala

Kabla ya kupiga simu ya kwanza ya siku, Msimamizi wetu alipaka rangi ya mdomo. Alijitazama kwenye kioo kidogo, akakaza midomo, akavaa hedifoni juu ya kilemba, ndipo akabonyeza namba ya mtu aliyekuwa Uholanzi, ambaye huenda asingemwona maisha yake yote. Nilipomuuliza rangi hiyo ni ya nini, alisema mtu ambaye hajajipanga husikika kama ametoka kuamka, na mteja anayeona namba ya nchi nyingine ameshajiandaa kukata. Kisha akanikagua toka juu mpaka chini. Kuanzia kesho yake nikawa nakuja kazini na hereni.

Mahali alikozaliwa na watu wa ukoo wake nitayaacha, kwa sababu hata yeye aliyaacha. Ukimuuliza alijibu swali jingine. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, mashariki ya Kongo, Kifaransa alikipata shuleni, na Kiholanzi alikipata katika miaka aliyoishi Zwolle kabla ya kumfuata binti yake huku Sweden. Lugha hizo tatu zilitosha kumpa kazi Jordbro, pembezoni mwa jiji, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa juu ya ghala, kati ya maegesho ya malori na karakana ya matairi.

Kampuni ilikodisha vitufe vya dharura kwa wazee wanaoishi peke yao. Mzee anavaa kitufe shingoni, na kisanduku chake kinakaa sebuleni. Akianguka anabonyeza, na mtu wa kituo cha dharura anaongea naye kupitia kile kisanduku na kumtafutia msaada. Malipo yalikuwa ya kila mwezi, yakikatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Wateja wetu wengi walikuwa Waholanzi. Kazi ya meza yetu, kitengo cha simu za Uholanzi, ilikuwa kuwatafuta wale ambao makato yao yamegoma.

Siku ya kwanza nilimwamkia kama nilivyolelewa Morogoro. Nilisema shikamoo, nikainama kidogo. Alinitazama kwa mshangao, akanijibu kwa neno jambo, akanipa mkono. Baadaye, tukinywa kahawa, akataka kujua lile neno maana yake nini. Nikamweleza kwamba zamani ilikuwa kama kusema nashika miguu yako. Akafikiri.

"Acha miguu yangu," akasema. "Kamata simu."

Nilimwita Mama mpaka siku ya mwisho, na shikamoo sikumwamkia tena.

Kwenye kompyuta zetu, kila malipo yaliyogoma yalitokea na alama nyekundu na neno moja tu, kwamba imeshindikana. Alilichukia neno lile. Alisema linawavalisha watu wote nguo moja. Huyu amehamisha akaunti. Yule pensheni yake haijaingia. Mwingine ameona kwenye simu yake jina la kampuni ya Kiswidi asiyoikumbuka, akadhani ni matapeli, akairudisha hela kwa kidole kimoja, maana benki za kule zinamruhusu mteja kurudisha makato ndani ya wiki kadhaa bila kuulizwa lolote. Na mwingine ni kweli hataki kulipa. Wote hao wamepewa rangi nyekundu ileile.

Kwa hiyo nilipokuwa mgeni na kusema, "Mama, huyu amekataa kulipa," alinikatisha kwa sauti ya Bukavu ambayo sikuizoea.

"Mutu hajakatala. Benki ndiyo imekatala. Uliongea na mutu?"

Sikuwa nimeongea naye.

"Basi hatujui kitu."

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuyatumia nyumbani Jakobsberg. Mume wangu akilalamika kwamba rafiki yake hajajibu ujumbe, nilimuuliza kama ameongea na mtu au na simu.

Usidhani alikuwa mpole. Kwa wateja alikuwa mpole. Sisi wengine alitukaripia kwa sababu ya vikombe, kwa sababu ya kuongea haraka, kwa sababu ya kucheka baada ya kukata simu. Hilo la kucheka ndilo lililomkera kuliko yote. Mteja akitukana au akilia, hutakiwi kumwiga mbele ya wenzako. Kijana mmoja wa zamu yetu aliwahi kuiga sauti ya bibi mmoja mwenye kigugumizi, na Msimamizi akamhamishia kwenye kazi ya kupima betri kule chini ghalani hadi mwezi ulipoisha. Yule kijana alimwomba radhi. Msimamizi alisema sawa, lakini kijana akaendelea kupima betri.

Alitaka tuwahi, na yeye mwenyewe alichelewa. Alikaa Märsta, upande wa pili kabisa wa jiji, karibu na uwanja wa ndege, na kila asubuhi alikuwa na habari mpya kuhusu treni. Kuna siku theluji, kuna siku nyaya, kuna siku dereva. Mimi nilitoka Jakobsberg kwa treni moja bila kubadilisha, kwa hiyo sikuwa na la kujitetea. Akiingia amechelewa alivua koti akiwa anatuuliza kwa nini simu zimenyamaza.

Na jambo lililotushangaza wote ni kwamba yeye, ambaye mchana kutwa aliwashawishi Waholanzi waruhusu benki iwakate moja kwa moja, hakuruhusu benki yoyote imkate yeye. Kodi ya nyumba, umeme, simu, kila kitu alilipa mwenyewe kwa mkono wake, kila mwezi, akikaa mezani na miwani yake. Nilimwambia hiyo ni kinyume na mahubiri yake. Alikubali kwamba ni kinyume. Alisema ameishi mahali ambapo mtu akiwa na ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila kubisha, haingii kwa mambo mema, na kwamba akili yake inajua benki ni kitu tofauti lakini tumbo lake bado halijui. Halafu akarudi kwenye simu na kumweleza mama mmoja wa Utrecht, kwa utulivu kabisa, faida za makato ya moja kwa moja.

Nadhani ndiyo maana aliwaelewa walioogopa.

Mwanzoni tulishindwa vibaya. Simu zetu zilionyesha namba ya Sweden, na hakuna mzee wa Kiholanzi anayepokea namba ya Sweden. Tukituma barua pepe yenye kiungo cha kulipia, hawabonyezi, kwa sababu televisheni na benki na watoto wao wamewaonya wasibonyeze. Walikuwa na haki. Kwa wiki kadhaa Msimamizi alipiga simu zisizopokelewa, na sisi tukimtazama tukaanza kuhesabu kazi yetu kama iliyokwisha. Yeye alisema tu kwamba bado hajapata mlango.

Mkuu wa fedha, Mswidi mmoja mtaratibu aliyekuja kazini kwa baiskeli hata barafu ikiwepo, ndiye aliyetutafutia namba ya Kiholanzi. Hilo lilisaidia, wakaanza kupokea. Lakini kupokea na kuamini ni mambo mawili. Hapo ndipo Msimamizi alipobuni njia yake. Mtu akipokea, anamwambia jina lake na kampuni yake, halafu anamwomba asiseme lolote kuhusu benki. Anamwomba akate simu. Akishakata, ageuze kile kisanduku cha sebuleni, chini yake kuna namba iliyochapishwa, aipige mwenyewe. "Nitakuwa hapa nakusubiri," anamalizia.

Mkuu wa fedha alipoisikia mara ya kwanza alishtuka. Tumehangaika wiki nzima kumpata mtu, na sasa tunamwomba akate? Wengine hawakupiga, ni kweli. Ila waliopiga walipiga wakiwa na hasira ndogo na swali la maana, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya watu wazima wawili. Mimi niliyekuwa upande wa kompyuta na wateja wanaokubali Kiingereza, niliona zile alama nyekundu zikipungua polepole.

Wala usidhani kila mtu kwake alikuwa malaika. Kulikuwa na bwana mmoja wa Amsterdam aliyemlipia mama yake kitufe. Kila mwezi makato yalipita, na kila mwezi, siku chache baadaye, aliyarudisha. Msimamizi aliongea naye. Bwana alikuwa na gari zuri, alilisema mwenyewe, alikuwa ndani yake. Alisema kitufe kinafanya kazi vizuri, mama yake ameshakitumia, lakini yeye haoni kwa nini alipe kitu ambacho anaweza kukipata bila kulipa. Alilisema waziwazi, kama Waholanzi wanavyosema mambo. Msimamizi alimshukuru kwa kutokumpotezea muda. Akampigia mama mwenyewe, akapanga naye alipe kutoka kwenye pensheni yake kuanzia mwezi ule, na yale ya nyuma akayapeleka kwenye kampuni ya kukusanya madeni siku hiyohiyo, kwa jina la mtoto.

"Huyu amekatala yeye mwenyewe," akaniambia, na nikaona alikaribia kufurahi. Alipenda jibu lililo wazi, hata likiwa baya.

Jumapili aliimba kanisani, sauti ya chini, pamoja na Wakongo na Warundi na Wakenya wachache, na alinikaribisha ingawa mimi ni Mwislamu. Nilikwenda mara moja, Krismasi, kwa ajili ya chakula. Aliniketisha karibu na mlango ili, kama alivyosema, nisione nimetekwa. Aliponipakulia alinionyesha kwa kidole sufuria isiyonihusu, kisha akaendelea kubishana na mwanakwaya mmoja kuhusu wimbo. Ubishi ule aliushinda. Sidhani alikuwa sahihi.

Sasa nieleze majira ya baridi ambayo kwa sababu yake naandika haya.

Wenye kampuni walichoka. Meza ya Uholanzi ilikuwa inaleta wateja wengi na malipo mengi yaliyogoma, na waliona suluhisho ni rahisi. Mkuu wa fedha alituita, akaeleza kwamba kuanzia wiki inayofuata kompyuta itafanya yenyewe. Malipo yakigoma, itatuma ukumbusho. Ukumbusho wa mwisho ukipita bila majibu, itakizima kitufe, na deni litapelekwa kwa wakusanyaji. Meza yetu ingepunguzwa. Hakutaja majina, lakini tulikuwa wachache, na kila mmoja alijua anayeweza kupunguzwa.

Mazungumzo yale yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ya ofisi yetu. Msimamizi aliuliza ni nani atakayemwambia mzee kwamba kitufe chake kimezimwa.

"Atapata barua pepe," mkuu wa fedha akasema.

"Na kama hasomi barua pepe?"

Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Akasema hapo kampuni itakuwa imetimiza wajibu wake.

"Wewe umetimiza," Msimamizi akasema. "Yeye yuko chini bafuni, anabonyeza."

Msimamizi akatoa pendekezo lake palepale, na sijui kama alikuwa amelifikiria kabla. Apewe hadi Pasaka. Kisizimwe kitufe chochote mpaka mtu aliyevaa, au mwenye kumtunza, awe ameongea na mtu wetu. Pia tarehe ya makato isogezwe mbele, baada ya pensheni za kule kuingia. Kama Pasaka itafika na malipo mengi bado yamegoma, wafunge meza, na waanze na yeye.

Mkuu wa fedha alisema hilo la tarehe amekuwa akilifikiria hata yeye, atalifanya. La Pasaka alikwenda kuwauliza wakubwa. Alirudi na jibu la nusu. Tumepewa hadi Pasaka, isipokuwa wale ambao ukumbusho wa mwisho umeshapita. Hao watazimwa Jumatatu saa sita mchana, kama ilivyopangwa.

Tulikuwa katikati ya wiki. Siku zilizofuata sikumbuki kama tulikula. Tuliwagawana, tukapiga, tukaomba wakate, tukasubiri wapige. Msimamizi hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo lilitutisha zaidi. Mpaka Ijumaa jioni wote tulikuwa tumewapata, isipokuwa mzee mmoja wa kijiji cha Friesland, kaskazini kabisa ya Uholanzi. Simu yake ya nyumbani ilikuwa imekatwa. Namba ya pili tuliyokuwa nayo, ya mkewe, ilikuwa imezimwa. Barua pepe hazikujibiwa.

Nikasema kile kisanduku kina spika. Tungeweza kuwaomba watu wa kituo cha dharura waongee naye kupitia pale. Msimamizi alikataa hata kabla sijamaliza. Alisema siku mzee atakaposikia sauti ya kudai pesa ikitoka kwenye kile kisanduku, hatabonyeza kitufe tena hata akivunjika nyonga. Hicho ni cha kuokoa tu. Akavaa koti lake. Mlangoni akaniuliza kama kesho, Jumamosi, naweza kukaa ofisini karibu na simu. Nikamuuliza yeye atakuwa wapi. Akasema dada yake bado anaishi Zwolle, na ni muda mrefu hajamwona.

Basi Jumamosi nilikaa peke yangu Jordbro. Ghala lilikuwa limefungwa na joto limepunguzwa, nikakaa na koti. Mume wangu alinipigia kuuliza kama wananilipa kwa siku hiyo, nikamwambia sijauliza. Mchana simu ya wateja ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee. Alianza Kiholanzi, akasikia nimekwama, akahamia Kiingereza cha polepole, akasema simu ameazima kwa jirani.

"Kuna mwanamke dirishani kwangu," akasema. "Amenikataza nisimfungulie. Ameniambia nigeuze kisanduku nipige namba iliyo chini, niulize yeye ni nani."

Nikamwomba amweleze anavyoonekana.

"Ana kilemba. Amepaka rangi ya mdomo, nyekundu. Ameshika boksi la keki na kuna upepo mkali, boksi linataka kuruka."

"Huyo ni Msimamizi wetu," nikasema. "Ametoka Sweden."

Nilisikia upepo kwenye simu, au labda ilikuwa pumzi yake.

"Ametoka Sweden kuja kwangu?"

Nikasema ndiyo, kwako. Hakuniaga. Nilisikia simu ikiwekwa juu ya meza, hatua za taratibu zikienda mbali, kisha kitasa kikifunguliwa. Sikukata mpaka niliposikia sauti ya Msimamizi, mle ndani, ikisema kitu kwa Kiholanzi na mzee akicheka.

Yaliyotokea mle nilisimuliwa mara mbili, na yeye Jumatatu, na mzee baadaye kwa simu. Hadithi zao zilitofautiana kwenye jambo moja, idadi ya vipande vya keki alivyokula Msimamizi. Mkewe yule mzee alikuwa amefariki tangu majani yalipoanza kuanguka. Yeye ndiye aliyekuwa analipa kila kitu, kwa simu yake, kutoka kwenye akaunti yake. Benki ilipopata taarifa ya kifo ikaifunga akaunti. Simu ya mezani ilikatwa kwa sababu hiyohiyo. Na simu ya marehemu ilikuwa ndani ya droo ya jikoni, imezimwa, kwa sababu mzee hakuweza kuitupa wala kuiwasha. Jumbe zetu zote za ukumbusho, wa kwanza mpaka wa mwisho wenye maneno makali, zilikuwa zimekwenda mle.

Msimamizi hakumwomba pesa. Alimwomba abonyeze kitufe, wahakikishe kinafanya kazi, na kituo kikaitika. Aliongea na jirani, mwanamke mwenye watoto, aliyeahidi kumpeleka benki wiki ile. Kisha wakaongea kuhusu marehemu mpaka basi la kurudi mjini lilipokaribia.

Jumatatu alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Jordbro, na begi lake mkononi. Saa sita ilikuwa bado. Mkuu wa fedha alikuwa mezani kwake, na aliuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza, kama mzee amelipa.

"Sikumwomba alipe."

Alikuwa amekwenda na kurudi kwa nauli yake, na kile kitufe kilikuwa bado kinasubiri kuzimwa. Akaeleza habari ya droo. Hakuipamba. Alisema simu iko wapi, imezimwa tangu lini, na ujumbe wetu wa mwisho ulisema nini. Mkuu wa fedha alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi. Akauliza kuna wangapi wengine kama huyu.

"Sijui," Msimamizi akasema. "Na wewe hujui. Na ile mashine haijui."

"Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie hatujaongea na watu bado."

Mkuu wa fedha aligeukia kompyuta yake. Ilimchukua muda, kwa sababu aliyeiweka ile amri hakuwa yeye, na ilibidi ampigie mtu. Tulisimama nyuma yake wote wawili kama watoto waliotumwa. Alipomaliza alisema kwa Kiswidi, kwa nafsi yake zaidi kuliko kwetu, kwamba sasa haitazima yenyewe. Kisha akamwambia Msimamizi kwamba kampuni itamrudishia nauli. Yeye akajibu kwamba nauli ni ya kumwona dada yake, lakini keki wanaweza kuirudisha.

Yule mzee alilipa wiki ileile, akiwa na jirani yake. Wengi wengine walifuata, si wote. Pasaka ilipofika meza yetu ilibaki, na ile kanuni ikaandikwa kama kanuni, kwamba kitufe hakizimwi kabla ya mtu kuongea na mtu. Mkuu wa fedha alileta maua. Msimamizi aliyaweka kwenye jagi la maji, akatukalisha tuwajadili wale ambao bado hatujawapata. Alikuwa amekasirika kwamba bado wapo.

Alistaafu baadaye bila sherehe, kwa sababu alitudanganya tarehe. Tulikuta meza tupu na dawati limepanguswa.

Nilimwona tena mwaka huu. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Tanzania, ndege yake ikachelewa, na badala ya kukaa uwanjani nikateremka Märsta kutafuta kahawa. Nilipita mbele ya maktaba. Nyuma ya kioo niliona meza ya duara na watu wa mataifa mbalimbali, na mwanafunzi mmoja wa Kiswidi, msichana, aliyekuwa amejitolea kuongea nao. Msimamizi alikuwa katikati. Amekonda. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, amekunja ngumi kama mtu anayesukuma gari.

Niliingia. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho miaka yote ile ofisini sikukitambua. Msimamizi hakujua Kiswidi. Alikuwa ameishi na kufanya kazi kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na dukani alilipa bila kuongea. Sasa alikuwa anatunga sentensi, neno baada ya neno, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Sauti ile iliyowafanya watu wafungue milango ilikuwa inajikwaa kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Aliniona. Macho yalicheka, lakini mkono ulinyanyuka kunizuia. Yule msichana, kwa huruma, akadhani amekwama, akamwambia kwa Kiingereza kwamba wanaweza kubadilisha lugha kama ni rahisi zaidi.

"Vänta," Msimamizi akasema. Subiri. "Jag är inte klar." Sijamaliza.

Msichana akamngoja. Nilivuta kiti nikakaa nyuma, na sikumsaidia, ingawa maneno yote aliyoyatafuta nilikuwa nayo. Ilimchukua muda mrefu. Alirudi nyuma mara mbili, akabadilisha kitenzi, akauliza kwa vidole kama ni *när*, wakati, au *om*, iwapo, akachagua mwenyewe. Kisha akaisema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, akimtazama yule msichana usoni. Alisema ana mjukuu wa kike, na mjukuu huyo akiwa na furaha huongea naye Kiswahili kidogo, lakini akiwa na hasira huongea Kiswidi, haraka sana. Na yeye anataka, siku mjukuu atakapomkasirikia tena, aelewe kila neno.